Maneno Niliyompa Mwajuma

Jumatatu, 9 Septemba 1957

Mwajuma kauma tena. Safari hii kidole cha Idi, na damu imetoka. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamfunga kitambaa kutoka mabaki ya ushonaji ya mume wangu Rajabu, kisha nikarudi kuwaimbisha alif, be, te kana kwamba hakuna kilichotokea. Nusu ya darasa walikuwa wanalia. Idi kwa maumivu, wengine kwa kumfuata Idi.

Tangu Maalim Yusufu anigawie hawa wadogo, kwa kuwa walikuwa wakiwasumbua wakubwa wanaosoma juzuu, kazi yangu imekuwa kuamua ugomvi. Chumba kimoja uani mwa msikiti wa mji huu wa ziwani, mpakani na Goma, mikeka, ubao, na watoto ambao bado wanang'oka meno. Nyumbani wanasema Kinyarwanda, barabarani Kiswahili cha Goma, kwangu wanakutana na Kiswahili cha Ujiji nilichokuja nacho nilipoolewa. Wakikosa neno, wanatumia meno.

Nilimwuliza Mwajuma kwa nini. Hakujibu. Hajibu kamwe. Tunapoimba anachezesha midomo tu, sauti haitoki.

Baba yake ni Mabruki mwenye lori. Ndiye aliyetoa hiki chumba. Kwa hiyo Mama Idi hakwenda kulalamika kwake. Kaja kulalamika kwangu, mbele ya cherehani ya mume wangu, na wateja wamesikia.

Nimechoka. Kichwa kinauma.

Jumatano, 11 Septemba

Nimejaribu jambo. Pembeni mwa chumba nimetandika mkeka mdogo. Wawili wakigombana, wanakwenda kukaa pale wakitazamana. Mmoja anasema kilichomuuma. Mwenzake hajibu kwanza, anarudia alichosikia. Akikosea, anaambiwa tena. Ndipo na yeye anasema lake. Hakuna kupiga, hakuna kumtukana mama wa mtu.

Sikufundishwa na mtu. Nililifikiria nikiosha masufuria.

Maneno ya kuanzia nimewapa mimi, maana hawakuwa nayo. Sipendi ukinifanyia hivi. Naogopa. Naomba unisaidie. Nimekosa. Hawakukaa nayo hata asubuhi moja bila kuyageuza: "Mi sipendi vile unafanya." "Niko na woga." Sawa. Yakitoka kwa namna hiyo, yatoke.

Wawili wa kwanza waligombania chaki. Mmoja alirudia maneno ya mwenzake kwa kumwigiza sauti ya puani, darasa zima likaanguka kicheko, hata waliogombana. Maalim alichungulia dirishani aone ni kelele za nini. Akaondoka.

Jumamosi, 14 Septemba

Amina, mama yake Mwajuma, alikuja kumchukua mtoto. Mdomo wa juu umevimba. Kasema aliteleza kwenye mawe alipokwenda kuchota maji ziwani. Sikuuliza. Yeye ndiye aliyetangulia kueleza. Mgongoni alikuwa na mtoto wake mdogo wa kiume, kalala.

Mwajuma alishika kitenge cha mama yake na kuangalia chini.

Amina ni wa Nyamyumba, watu wa mitumbwi, Wakristo. Alisilimu alipoolewa. Kwao si mbali, ukitoka asubuhi jua halijawa kali umefika, lakini sijasikia hata mara moja kwamba amekwenda.

Ninajua ni nini. Mtaa mzima unajua. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna pa kulisema.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwajuma kasema!

Idi alimsukuma kwenye foleni ya maji. Niliona mdomo unafunguka, nikadhani atauma, nikaanza kukimbia. Hakuuma. Alimshika mkono, akamvuta hadi kwenye mkeka, akaketi. Idi akaketi kwa hofu ya kidole chake. Halafu ile sauti. Nzito, kama ya mtoto mwenye mafua. "Mi sipendi vile unanisukuma. Nilikuwa mbele."

Idi akarudia, neno kwa neno. Akasema nimekosa. Wakanyanyuka wakaenda kunywa maji.

Mimi nilijifanya napangusa ubao. Nililia.

Nilimwambia Rajabu jioni. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Nilitaka afurahi zaidi ya hapo.

Jumanne, 24 Septemba

Mvua za vuli zimeanza. Bati linavuja juu ya ubao.

Mwajuma sasa haishi maneno. Anauliza mambo ambayo sina majibu yake. Leo, wengine wakiwa wamekwenda, aliniuliza kama watu wakubwa nao wanakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nakinga maji kwa ndoo. Nikamwambia ndiyo, wakitaka.

Akafikiri. Akauliza: "Na kama hawataki?"

Nikasema basi mtu anawaomba.

Jumapili, 6 Oktoba

Kesho Maulidi. Mtaa mzima unanuka iliki na mafuta ya taa. Watoto wamejua kaswida yao, isipokuwa Idi anayeruka ubeti wa tatu kila mara. Wageni wameshafika kutoka Goma na Bukavu, na chakula cha mchana kitakuwa kwa Mabruki. Rajabu kamshonea kanzu mpya, kola iliyodariziwa kwa mkono, kazi nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Wanawake tumeitwa kupika. Nilikuwa kule tangu asubuhi. Mabruki aliingia jikoni akafunua kila sufuria, akanusa, akafunika. Kila alipoingia, Amina alisimama wima. Hata akiwa na mtoto mgongoni na kisu mkononi, alisimama.

Sipendi kwenda kesho. Nitakwenda.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikasahau ilivyokuwa.

Kaswida ilikwenda vizuri. Hata Idi. Watu wakamwaga machozi, Maalim akaniombea dua mbele ya wote.

Kisha chakula. Wanaume ukumbini, wamekaa kwenye mazulia. Sisi uani. Maji ya kunawa yalichelewa, kwa kuwa birika lilikuwa kwa wageni wa chumba cha pili. Kosa hilo tu. Mabruki akatoka hadi mlango wa jiko na kumpiga Amina kofi. Halafu la pili. Hakupaza sauti. Alisema, "Unaniaibisha mbele ya watu," kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma, akarudi ndani.

Tulikuwa wanawake wengi pale. Mimi nilikuwa nakata ndimu. Niliendelea kukata ndimu.

Mwajuma alikuwa ameketi karibu na chungu cha maji, na gauni lake jeupe la kaswida. Akanyanyuka. Akachukua mkeka wa mama yake wa kuswalia uliokuwa kwenye kamba, akaubeba kwa mikono miwili, akaingia ukumbini. Nilimwona na sikuelewa. Nilipoelewa nilikuwa na sinia mkononi. Nilimfuata hadi mlangoni na nikasimama hapo, siwezi kuingia kwa wanaume, siwezi kurudi.

Alitandika mkeka mbele ya baba yake, katikati ya sinia za pilau. Akaketi upande mmoja.

"Baba, naomba ukae. Mi nitasema, na we utasikia."

Wageni walicheka. Wakaona ni mchezo wa mtoto. Mmoja wa Goma akasema, "Kaa, Mabruki, hakimu amekuita." Naye Mabruki, kwa sababu walikuwa wanacheka, akatabasamu, akakaa.

"Mi sipendi vile unamupiga mama. Unamupiga jikoni, na unamupiga kwenye chumba. Niko na woga. Mama pia iko na woga. Sasa we rudia."

Nilisikia kuni zinavyolia uani.

Hakurudia. Alinyanyuka taratibu, akamshika Mwajuma mkono wa juu, akampitisha mbele yangu. Aliponipita alinitazama. Hakuna chuki kwenye macho yale. Kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Alikuwa amejua ni nani aliyemfundisha.

Wageni walikula haraka, wakaaga.

Jumanne, 8 Oktoba

Niliitwa ofisini kwake, kwenye banda la lori. Maalim Yusufu alikuwepo, ameketi pembeni, akizungusha tasbihi.

Mabruki hakunipa kiti. Alisema, "Nilikupa chumba uwafundishe batoto herufi na adabu. We umemufundisha mutoto wangu kunivua nguo mbele ya wageni."

Nikasema nilimfundisha kusema badala ya kuuma.

"Kwangu mutoto anasemeshwa. Hasemi."

Nilimtazama Maalim. Alitazama tasbihi yake. Nikasema, na sijui nilipata wapi ujasiri, kwamba mtoto hakusema uongo.

Mabruki akachukua kufuli juu ya meza na kuliweka mbele yangu nilione. "Chumba kimefungwa. Na bwana yako ataambiwa."

Nimewakuta watoto mlangoni asubuhi wamekaa kwenye matope, wakisubiri. Nikawarudisha makwao mmoja mmoja. Mwajuma hakuwepo.

Jumatano, 9 Oktoba

Kazi za kanzu za Mabruki na jamaa zake zimehamishiwa kwa fundi mwingine. Rajabu kaambiwa na tanboi wa lori lake, barabarani.

Hajaniambia neno tangu jana. Anakula, ananawa, anatoka. Cherehani inapiga kwa kitambaa kisicho na mwenyewe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kisimani wamenipisha kama mgonjwa. Mama Idi peke yake alinisalimu. Kasema Mwajuma amefungiwa ndani na hasemi tena. Kasema Amina hajaonekana hata kibarazani.

Ninajiuliza nilifanya nini. Nilifungua mdomo wa mtoto, sikutazama ulielekea wapi. Nilimwambia basi mtu anawaomba. Kwa wepesi ule! Huku nakinga maji ya mvua!

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilingoja wanaume waingie kwenye swala, nikaenda kwa Amina.

Alifungua mlango kidogo. Jicho moja limeziba. Nilianza kusema pole, na yeye akanikatiza. Amina ambaye hajawahi kunikatiza.

"We uliwapa batoto maneno. Nani alikuomba? Mi nilijua kuishi mu hii nyumba. Nilijua saa ya kunyamaza, nilijua saa ya kuondoka mu njia yake. Sasa hata kunyamaza hakunisaidii tena. Anasema ni mi nilimutuma mutoto." Akapumua. "Ulimufundisha kusema. Mukono wa baba yake, nani ataufundisha?"

Nyuma yake, kwenye giza la ukumbi, nilimwona Mwajuma amekaa sakafuni. Nikamwita jina. Alinitazama kama mtu anayetazama barabara.

Amina akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, ili usisikike.

Nimejichukia leo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Sikutoka. Rajabu bado kimya. Nyumba nzima ya watu wawili na hakuna anayesema. Mimi, mwalimu wa kusema.

Jumatatu, 14 Oktoba

Asubuhi nilikuwa nachambua mchele. Mabruki akasimama kibarazani kwetu, bila kofia. Sijawahi kumwona kichwa wazi. Hakusalimu. Akauliza, "Iko hapa?"

Nikasema nani. Nilijua nani.

Mwajuma hakuwepo tangu alfajiri. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Walidhani yuko chooni, kisha walidhani yuko kwa jirani, kisha walidhani yuko kwangu. Nilipotikisa kichwa, niliona uso wake umebadilika rangi.

Tukaenda ziwani kwanza. Hakuna aliyetaja kuzama, lakini miguu ilikwenda huko. Maji yalikuwa machafu kwa mvua, yanapiga mchangani. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo wakaanza kutazama maji kama sisi. Amina alikuja akikimbia, kichwa wazi, mtoto analia mgongoni. Aliingia ziwani hadi magotini akiita "Yoo, Mwajuma we, yoo!" Jicho lile lililoziba, watu wote wakaliona, mchana kweupe. Hakuna aliyelitazama mara mbili.

Habari ilipatikana sokoni. Muuza ndizi alimwona mtoto wa gauni jeupe akitembea na mwanamke mwenye kapu la samaki, wameshika njia ya Rubona.

Mabruki akakimbilia lori. Amina akanishika mkono. Nilidhani atanisukuma. Alisema, "Enda naye. Akimwona baba yake atajificha. We hatakukimbia." Nikapanda mbele. Kumbe Rajabu alikuwa ametufuata muda wote. Aliacha cherehani wazi kibarazani, na sasa akarukia nyuma ya lori, kwenye magunia matupu.

Barabara ni mbaya, upande mmoja mlima, upande mwingine ziwa liko chini kabisa, na kila kona Mabruki alichungulia chini badala ya mbele. Mara moja akasema, "Kama iko mu maji..." Hakumaliza. Nilimwogopa, na nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba namwonea huruma.

Rubona, kwenye mitumbwi, wanaume walikuwa wanaanika nyavu. Mmoja alisema wamepita, mwanamke na mtoto, kuelekea Nyamyumba. Tukaendelea. Penye chemchemi za maji ya moto Mabruki alisimamisha lori ghafla. Watoto wengi walikuwa pale wakioga, na mvuke umefunika kila kitu. Aliteremka akakimbia na viatu vyake hadi ndani ya matope, akiwageuza watoto wa watu mmoja baada ya mwingine awaone nyuso. Wakatawanyika wakilia. Alisimama katikati ya mvuke. Rajabu ndiye aliyekwenda kumshika bega na kumrudisha.

Tulimkuta Mwajuma Nyamyumba, kwa bibi yake, amekaa kwenye ngazi ya mlango, anakula viazi vitamu. Gauni jeupe limekuwa la udongo.

Yule muuza samaki alikuwa bado yupo, akinywa maji. Alitueleza. Anarudi kwao Nyamyumba kila akimaliza kuuza. Asubuhi ile mtoto alimshika nguo sokoni, akamwambia kwa Kinyarwanda: naomba unisaidie, nataka kwenda kwa nyogokuru wangu, sijui njia. Akataja jina la bibi. Mwanamke akamfahamu ni mjukuu wa nani, akamshika mkono. Aliona ametumwa.

Mabruki alipiga hatua kumchukua. Bibi yake Mwajuma, mama yake Amina, alisimama mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mjane, na ana wana watatu wavuvi ambao mmoja wao alikuwa amesimama kwenye migomba. Alimwambia Mabruki kwa Kinyarwanda aketi. Akaketi, juu ya kinu kilichoinamishwa.

"Mwajuma. Turudi nyumbani."

"Sitaki."

Sauti ile ile nzito. Nilikuwa sijaisikia tangu Maulidi. Nilitaka kusema, nilitaka kumsaidia maneno, nilitaka kumsaidia hata Mabruki. Nilijifunga mdomo kwa nguvu zote.

"Mi niko baba yako."

"Ndiyo."

Mabruki akajitazama miguu. Alikuwa na matope hadi magotini. Kisha akauliza, na nadhani hakuwa ameliuliza swali hili maishani mwake kwa mtu yeyote:

"Unaniogopa?"

"Ndiyo."

Kuku walipita. Mabruki alikaa pale juu ya kinu, muda, hadi yule mvuvi akaondoka kwenye migomba akaenda zake. Kisha alinyanyuka akaenda kwenye lori. Bila mtoto.

Kurudi aliendesha taratibu. Karibu na Rubona akasema, "Usijisifu."

Nikasema sijisifu.

Baadaye sana, mji ukiwa unaonekana, akasema, bila kunigeukia: "Alijibu mara moja. Hakufikiri hata kidogo."

Jumanne, 15 Oktoba

Amina kaondoka. Mchana, kila mtu akiona. Furushi kichwani, mtoto mgongoni. Alipita barabara kubwa, mbele ya msikiti, mbele ya banda la lori. Mabruki alikuwa amesimama mlangoni. Hakumzuia.

Kinyarwanda kina neno lake, kwahukana: mke kurudi kwao na kusubiri mume aje na watu wake aeleze. Wanawake wa kisimani wanalisema kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Mmoja kaniambia usoni kwamba nimevunja nyumba. Sikumjibu. Jioni nilipata majibu mengi sana.

Jumapili, 20 Oktoba

Rajabu kasema.

Tulikuwa tumekaa kibarazani baada ya alasiri. Anafungua mishono ya koti la mtu. Akasema hakuwa amenikasirikia mimi. Aliogopa. Aliogopa tutafukuzwa mtaani, na kwamba yeye si wa hapa, na mimi si wa hapa, na mtu mmoja akisema neno tunarudi Ujiji na cherehani kichwani. "Kila nikitaka kukuambia, ilitoka kama hasira. Nikaona bora ninyamaze."

Nikamwambia kimya chake kilinitisha kuliko Mabruki. Hakukubali kwanza. Kisha akakubali.

Halafu akasogeza cherehani upande mmoja, akapima sakafu kwa macho. Akasema watoto wanaweza kukaa hapa, wadogo hawahitaji nafasi kubwa, ila wasichezee sindano.

Jumatatu, 28 Oktoba

Wiki ya kwanza kibarazani imekwisha. Wamerudi wachache. Idi, na wale ambao mama zao hawana pa kuwaacha. Wengine wamekatazwa, na wanapita ng'ambo ya barabara wakitupungia mkono kwa siri.

Nimebadilisha jambo moja. Zamani niliwafundisha kusema. Sasa nawafundisha pia kumtafuta mtu wa kumwambia. Nani akikasirika utamkimbia. Nani utamshika nguo. Mtu mmoja akikataa kusikiliza, nani wa pili, nani wa tatu. Wanahesabu kwa vidole majina ya shangazi, majirani, mabibi. Mtoto mmoja alifika kwenye kidole cha kwanza akakwama. Nikamwambia aniweke mimi. Usiku ule sikuwa na raha, lakini si kwa woga.

Maalim Yusufu alipita. Alisimama barabarani, mwavuli mkononi, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa mpita njia. Akasema alipaswa kufungua mdomo siku ile kwenye banda. Nikamwambia ndiyo, ulipaswa. Alinitazama kwa mshangao. Kisha akasema anakwenda Nyamyumba na Mabruki wiki ijayo, wazee wameombwa. Akasema safari hii ataongea.

Jumatano, 6 Novemba

Wamerudi kutoka Nyamyumba tangu Jumapili. Leo Maalim kanisimulia.

Bibi aliwaketisha nje, akawapa togwa. Hakumwuliza Mabruki kama anajuta. Alimwuliza alifanya nini, na akataka ataje. Mabruki alizunguka. Akasema hasira, akasema kazi, akasema wageni. Bibi akauliza tena. Maalim akamwambia, "Sema, Mabruki, sisi sote tulikuwepo." Mwishowe akasema, "Nilimupiga." Akaambiwa haitoshi, alimpiga mara ngapi, wapi, kwa nini. Ikachukua mchana wote.

Kisha wakamwuliza Amina anataka nini. Kasema hajui bado. Kasema wamwache ajue.

Mabruki kaondoka amekasirika, Maalim anasema. Lakini keshokutwa yake alikwenda tena, peke yake, kwa miguu. Wakampa togwa, akanywa, akarudi.

Sijui kama mtu wa aina ile anabadilika. Sitaandika kwamba nimeamini.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda Nyamyumba. Rajabu alinisindikiza hadi Rubona, akabaki na mafundi wa mitumbwi.

Amina alikuwa amekaa chini ya ukuta, anachambua maharage. Jicho limepona. Hakunyanyuka nilipofika, alisogea tu nipate kivuli. Nikachukua ungo, nikaanza kuchambua naye. Maharage ya mwaka huu yana wadudu.

Nilimwambia yale aliyoniambia mlangoni nimeyapokea. Akasema alikuwa na uchungu. Nikasema, lakini ulisema kweli. Akasema, "Eee. Kweli." Tukaendelea.

Mabruki anakuja kila Alhamisi, ameniambia. Anakaa na watoto, hajamwomba arudi. Yeye Amina hajaamua. Huenda baada ya mfungo. Huenda asirudi. Alilisema kama anazungumzia shamba litakalolimwa au kuachwa.

Chini kwenye maji, Mwajuma alikuwa na binamu zake, wanavuta kamba ya mtumbwi mdogo. Walikuwa wanagombana ni nani akae mbele. Kinyarwanda kitupu, wote kwa pamoja, na sauti yake nzito ikiwa juu ya zote. Sikupata maneno yote. Alikuwa amekasirika sana, ameweka mikono kiunoni. Kisha binamu mmoja akamsogelea, wakaongea, wakapanda.

Hakuniona. Sikumwita.

Tulimaliza ungo wa kwanza, tukaanza wa pili. Jua lilipoelekea ng'ambo, Amina alinifungia viazi kwenye jani la mgomba, nikaaga.